Sura ya Sita: Ziwa Lisilotulia

Swali la sura hii nililisikia ndani ya matatu, kati ya Karagita na Kamere, kwenye barabara inayofuata ufuo wa kusini wa Ziwa Naivasha. Ukitoka mjini, ziwa liko mkono wa kulia, limejificha nyuma ya migunga na nyua za mashamba ya maua. Mkono wa kushoto ni vilima vya Hell's Gate na, nyuma yao, mvuke wa vituo vya umeme vya Olkaria ukifoka mweupe kama jikoni kwenye harusi. Stima ilikuwa imepotea usiku kucha, na mama aliyepakata karai la sukuma wiki hakuwa amesahau.

“Wana mvuke, wana jua, wana maji, na sisi tunawasha mshumaa,” alisema, bila kumlenga mtu.

Kijana aliyeketi karibu na dereva akageuka. “Mama, si watandaze sola hapo kwa maji? Ziwa lote hilo liko tu.”

“Na kiboko apande juu adhani ni kitanda,” konda akadakia, na gari zima likacheka.

Nami nilicheka. Lakini maneno ya kijana yule yamenikaa: ziwa lote hilo liko tu. Nimeyasikia tena, kwa lugha ya suti na tai, kwenye kumbi ambako maji huonyeshwa ukutani kama uwanja wa buluu usio na mwenyewe, na mraba mweusi wa paneli umechorwa katikati. Hesabu za jua huwa sawasawa. Maji ndiyo ambayo hayakuulizwa.

Tuanze na kitu chenyewe, yaani paneli zinazoelea, maana picha zake karibu zote hupigwa kutoka angani, na kutoka juu hakuna kinachoyumba. Mimi nilikikanyaga kwenye bwawa la shamba moja la maua, bwawa la kawaida la kuhifadhi maji ya kumwagilia, limechimbwa na kutandikwa plastiki nyeusi. Boya moja lina ukubwa wa meza ya kulia chakula. Ni la plastiki nene, jamaa ya ile ya matangi ya maji tunayoweka juu ya nyumba, tupu ndani, na pembeni lina masikio ambamo pini nene kama kidole gumba hupita kulifunga na jirani yake. Mamia ya maboya hayo yakishikana yanakuwa jamvi. Ukilikanyaga linabonyea kidogo kama godoro, na wimbi la hatua yako unaliona likitembea hadi paneli ya tano, ya sita. Pembeni, nyaya za chuma zinashuka hadi nanga za zege zilizofukiwa kwenye kingo. Waya za umeme zinapita juu ya maji katika mfereji wake hadi kwenye kibanda cha nchi kavu chenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa aina ambayo pampu inaielewa.

Paneli zenyewe zimelala karibu bapa, na hapo mtu wa Naivasha amepata bahati ambayo Mzungu hana. Ulaya paneli huinuliwa sana ili ilitazame jua linalopita chini kusini. Juu ya maji mwinuko huo ni tanga: upepo ukiupata unasukuma jamvi zima. Kwa hiyo wao huilaza paneli na kupoteza umeme. Naivasha iko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, jua liko utosini, na paneli iliyolala haipotezi kitu cha kutajwa. Inahitaji kuinama kidogo tu, kiasi cha mvua kuteremka na vumbi.

Bahati nyingine inayotangazwa sana ni ubaridi. Paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja ya joto ikipita 25, na maji huipoza. Ni kweli. Lakini wauzaji wengi wanabeba takwimu za mahali kama nyanda za joto za Asia na kuzishusha hapa bila kuzipiga pasi. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi watu wanavaa jaketi. Paneli iliyo kwenye paa la banda la kufungashia maua tayari inapigwa na upepo wa baridi, kwa hiyo ile ya majini haiipiti kwa kiasi cha kuandika barua nyumbani.

Fundi aliyenitembeza alikuwa na ndoo, brashi laini ya mpini mrefu na kamba kiunoni. Nilimwuliza kuhusu viboko, swali ambalo bila shaka kila mgeni humwuliza.

“Kiboko hapiti ua huu, mkubwa,” alisema. “Adui yangu ni yule.” Akaonyesha kwa brashi. Kwenye kona ya jamvi mnandi alikuwa amesimama, mabawa wazi, anajianika. Kioo cha chini yake kilikuwa na alama nyeupe kama chokaa iliyomwagika.

Chokaa ile ina gharama kubwa kuliko inavyoonekana. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, kama vipande vya bomba moja. Ukiziba kipande kimoja hupunguzi maji ya kipande hicho pekee, unayabana yote. Seli iliyofunikwa huacha kuzalisha, ikaanza kula umeme wa wenzake na kuugeuza joto. Baada ya miezi doa la ndege linaweza kuwa doa lililoungua. Kwenye paa ndege ana miti mingi ya kuchagua. Katikati ya maji jamvi ndicho kisiwa pekee, kikavu, na samaki wako chini yake. Mnandi angekuwa mjinga asipokitumia.

Kero ya pili ni ya alfajiri. Ukungu ukitanda bwawani unyevu huingia kwenye viungo vya waya, umeme kidogo hupenya kwenda mahali pasipostahili, na inveta, ambayo imefundishwa kuogopa hilo, hukataa kuwaka. “Inasubiri jua liikaushe,” alisema fundi, “ndipo inakubali kufanya kazi ya jua.” Saa moja au mbili za asubuhi zinapotea hivyo. Kiungo kimoja kikizama majini, kazi ni kukitafuta kati ya mamia, ukiwa umelala kifudifudi juu ya boya.

Na kwa kuwa tuko jirani na Olkaria, kuna la tatu. Mvuke wa chini ya ardhi hupanda na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu inayompokea mgeni kabla ya askari wa getini. Gesi hiyo hula shaba na fedha, na ndiyo maana vyumba vya mitambo ya kielektroniki kwenye vituo vya mvuke hulindwa dhidi ya hewa ya nje. Anayepanga kuweka inveta upande unaopokea upepo wa Olkaria na akaagiza vifaa vya kawaida vya dukani atavinunua mara mbili.

Mtu mmoja aliwahi kuniuliza, kwa dhati kabisa, kwa nini paneli zisielee kwenye lile dimbwi la buluu la Olkaria ambako watalii huoga. Maji yale ni mabaki ya visima vya mvuke: ni ya moto, yamejaa silika inayoganda juu ya kila inachogusa. Paneli inapenda ubaridi na kioo safi. Ni kama kumpeleka samaki kwenye kikaango akapumzike.

Teknolojia hii ni changa. Jaribio linalotajwa kama la kwanza lilifanywa Aichi, Japani, mwaka 2007, kwa kilowati 20 tu. Mwaka uliofuata wakulima wa zabibu wa Far Niente, California, waliweka paneli juu ya bwawa lao la kumwagilia kwa sababu ambayo mwenye shamba la Naivasha angeielewa bila mkalimani: hawakutaka kung'oa mizabibu kupisha umeme. Kisha Wachina wakaichukua na kuikuza kama wanavyokuza kila kitu. Huko Huainan, mkoa wa Anhui, migodi ya makaa ya mawe ilikuwa imetitia na mashimo yake yakajaa maji. Mwaka 2017 juu ya maji hayo zikawekwa megawati 40. Ardhi iliyoharibiwa na makaa ikazaa umeme tena, safari hii kutoka juu. Indonesia ilizindua Cirata mwaka 2023, megawati 192 za paneli juu ya bwawa ambalo tayari lilikuwa na kituo cha umeme wa maji. Afrika, Ghana imeziweka kwenye bwawa la Bui.

Tukiangalia orodha hiyo tunaona shimo la mgodi, bwawa la shamba, bwawa la umeme. Ziwa la asili limekosekana, nami sidhani ni kwa bahati mbaya.

Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, maji yanayochafuka, yanayopanda na kushuka. Wamaasai hawakuhitaji kipima upepo. Asubuhi ziwa ni kioo; alasiri ardhi ya bonde ikishapata moto, upepo huteremka na ndani ya nusu saa mashua ndogo zinatafuta ufuo. Ziwa lina kina kifupi, wastani wa mita chache tu, na mawimbi ya maji mafupi huwa ya karibu karibu na makali. Wimbi refu la bahari linaliinua jamvi na kulishusha polepole. Wimbi fupi linalipinda kwenye kila kiungo, boya baada ya boya, mara elfu kwa alasiri moja, na plastiki ina kumbukumbu.

Kinachotokea nanga zikishindwa kimeshaonekana. Kwenye bwawa la Yamakura, jimbo la Chiba, Japani, kulikuwa na paneli zaidi ya 50,000, megawati 13.7, kituo kikubwa kuliko vyote vya aina yake nchini humo. Septemba 2019 kimbunga Faxai kikapita. Nanga za upande mmoja zikang'oka, mzigo wake ukahamia kwa zilizobaki, nazo zikafuata. Jamvi likajikunja, paneli zikapandana kama kadi, waya zikagusana, na moto ukawaka juu ya maji. Naivasha haina vimbunga vya namna hiyo, nakubali. Naivasha ina kitu chake.

Kitu hicho ni visiwa vinavyotembea. Mafunjo ya ufuoni hukatika vipande kwa vipande wakati maji yanapopanda, kipande kikiwa kikubwa kama uwanja wa mpira wa wavu au zaidi, na mizizi yake ikiwa imeshikana kama zulia. Upepo hulisukuma zulia hilo ng'ambo na kulirudisha. Juu yake ongeza salvinia, jani la kigeni lililotanda ziwani tangu miaka ya 1960, na gugu maji lililofuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Wavuvi wanazijua siku ambazo nyavu walizotega jioni hawazipati asubuhi, zimebebwa na magugu. Wekeni mbele ya zulia hilo jamvi la paneli lililofungwa nanga, halafu mngoje upepo wa alasiri.

Chombo cha kigeni kilichowahi kufaulu juu ya ziwa hili ni ndege. Kuanzia 1937 ndege za majini za Imperial Airways, zikitoka Southampton kwenda Durban, zilitua Naivasha zikiwa na abiria wa Nairobi. Siri yao ilikuwa rahisi: ziwa likichafuka, ziliweza kuruka.

Hata hivyo upepo na magugu ni matatizo ya mhandisi, na mhandisi akilipwa vizuri huyapatia dawa. Tatizo ambalo mimi siioni dawa yake ni kwamba ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Naivasha inalishwa na mito ya Malewa na Gilgil, na haina mto hata mmoja unaotoka. Maji yake yanabaki baridi na matamu kwa kuwa mengine yanapenya ardhini. Vipimo vya isotopu vimeonyesha kwamba sehemu inashuka kusini, kuelekea Olkaria, kwa hiyo huenda tone moja linalotoka kwenye bomba la mvuke liliwahi kubeba kambare. Ziwa bila mlango wa kutokea halina kifuniko. Mvua ya milima ya Aberdare ikizidi linapanda. Ukame ukija linasinyaa, maana jua la hapa linakausha zaidi ya mara mbili ya kile mvua inachomwaga juu ya ziwa.

Mwaka 2009 lilikuwa limenywea hivi kwamba watu walianza kuliandikia tanzia, na lawama zote zikaelekezwa kwa mashamba ya maua. Kufikia 2020 lilikuwa limepanda mita kadhaa na kuingia vyumbani mwa watu wa mtaa wa Kihoto. Likarudi Kihoto 2024, na 2025 tena. Si Naivasha peke yake: Nakuru ilimeza lango la mbuga yake, Baringo ikameza hoteli na shule. Sasa mweke mtu wa nanga hapo. Afunge nyaya fupi, maji yapande, jamvi livutwe chini au nanga ing'oke. Afunge ndefu, maji yashuke, jamvi lizurure na kugongana. Zipo nyaya zinazovutika, zipo winchi, lakini zote huanza na swali moja: maji yatapanda hadi wapi? Kwa Naivasha hakuna anayeweza kutia sahihi chini ya jibu.

Halafu kuna wenyewe. “Liko tu” ni maneno ya mtu aliye barabarani. Ukiteremka hadi Kamere alfajiri utakuta mashua zikipokelewa na kina mama wenye mabeseni, vitabu vya kikundi cha ufuo, mizani, na mabishano juu ya nani alivua kwenye mazalia. Ziwa liliwahi kufungwa kwa uvuvi mwaka mzima, 2001, ili samaki wapumue, na wazee wanakumbuka walivyolala njaa kwa ajili ya samaki wa leo. Tangu 1995 liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Tilapia hutaga kwenye maji mafupi ya pembeni, palepale ambapo nanga ni rahisi na waya ni fupi. Kivuli kidogo hakiui ziwa, lakini kivuli kikubwa hupunguza mwanga unaolisha vijimea, na hewa ya majini ikapungua pamoja navyo.

Hoja kuu ya paneli za kuelea ni kwamba hazichukui ardhi, na Olkaria ni mahali pa kuisikiliza hoja hiyo kwa makini. Kituo cha Olkaria IV kilipojengwa, familia za Kimaasai zilihamishwa mwaka 2014 kwenda makao mapya yanayoitwa RAPland. Malalamiko yao yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na pande zote zikaishia kwenye meza ya usuluhishi. Kwa hiyo namwelewa mpangaji anayetazama maji kwa matamanio. Ila kuhama kutoka kwa wafugaji kwenda kwa wavuvi hakupunguzi idadi ya watu wa kuzungumza nao. Kunabadilisha tu lugha ya mkutano.

Basi paneli za kuelea hazina mahali Naivasha? Zinapo, tena mahali pazuri sana, na mtu wa matatu anapapita kila siku bila kupaona kwa sababu pamejificha nyuma ya ua. Ni mabwawa ya mashamba. Shamba la maua limejaa grinihausi hadi mpakani. Kila paa la plastiki linakusanya mvua na kuimwaga bwawani. Bwawa lina kina kinachojulikana, kingo za kutia nanga, mwenyewe mmoja, na halina mafunjo wala mvuvi. Pampu hufanya kazi mchana, jua likiwa juu, kwa hiyo umeme unatumika palepale unapozaliwa bila betri. Kivuli nacho, ambacho ziwani ni shaka, hapa ni dawa: mwani hupungua, na vichujio vya mirija ya matone haviwi na kazi ya kuoshwa kila mara. Hekta moja ya maji wazi hapa inaweza kupoteza mita za ujazo 18,000 hivi kwa mwaka kwa kukauka. Ukifunika nusu, unayaokoa maelfu ambayo ungeyavuta ziwani au kisimani. Rift Valley Roses, shamba la eneo hili, lilishafanya hivyo pamoja na kampuni ya Kijerumani ya ecoligo, kwa kituo kidogo cha chini ya kilowati 100. Ni kidogo kiasi kwamba magazeti yaliandika aya mbili yakaendelea. Mimi nadhani ndiyo habari yenyewe.

Lililo gumu kwa shamba ni fedha. Maboya na nanga hufanya bei ipite ya paneli za ardhini kwa asilimia 10 hadi 25 kwa kawaida, na bima huuliza maswali mengi zaidi juu ya kitu kinachoelea. Sheria ya Nishati ya 2019 ilifungua mlango wa mteja kurudisha ziada kwenye gridi na kupunguziwa bili, kanuni zake zikatoka 2024. Shamba linalovuna Jumapili jua kali na pampu zimelala lina sababu ya kuzisoma kanuni hizo.

Kwa taifa zima hesabu ni nyingine, na inabidi ianzie Olkaria. Kituo cha kwanza kiliwashwa hapo mwaka 1981 kwa megawati 15. Leo mvuke unatoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya, na hautazami saa. Turbini ya mvuke inazunguka usiku na mchana. Paneli ya megawati moja, ukijumlisha usiku, mawingu na asubuhi, inatoa kwa mwaka kile ambacho turbini ingetoa kwa sehemu ya tano hivi ya ukubwa huo. Wakenya wanatumia umeme mwingi kuliko wakati wowote jioni, kati ya saa moja na saa tatu usiku, chapati zikiwa jikoni na televisheni ikiwa kwenye taarifa. Mwaka 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Usiku wa manane mahitaji hushuka karibu nusu, na Olkaria hulazimika kuachia mvuke angani kwa kukosa mnunuzi. Wingu lile jeupe unaloliona alfajiri ukipita, sehemu yake ni umeme ambao hakuna aliyeutaka.

Paneli, kwa bahati mbaya, haisaidii saa hizo hata moja. Haipo saa moja jioni, haipo usiku wa manane. Ukiielesha Naivasha, mchana itagombania gridi na mvuke wa jirani ambao tayari umelipiwa. Kwa hiyo mtu anayetaka jua la mchana lipike chapati za jioni anahitaji chombo cha kulihifadhia, na Kenya ilishakijenga zamani bila kukiita betri: Mto Tana.

Kule, kilomita nyingi mashariki mwa bonde letu, mabwawa matano yamepangana kama ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Paneli zikizalisha mchana, milango ya maji inabanwa. Maji yanayobaki nyuma ya ukuta yanaachiwa jua likizama. Hakuna betri ya kununua, na laini za umeme zimeshafika. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, imekuwa ikilipima wazo hili kwa Kamburu na Kiambere, na kwa bwawa la Turkwel pia. Tuchukue Masinga, kwa kuwa ndilo pana, kilomita za mraba 120 likijaa. Funika asilimia moja tu. Kwa kanuni ya kidole gumba, kilomita moja ya mraba hubeba megawati 100, kwa hiyo tuna megawati 120 za paneli kwenye bwawa ambalo turbini zake zote ni megawati 40. Watafiti wa Tume ya Ulaya walipiga hesabu ya namna hiyo kwa bara zima mwaka 2021: chini ya asilimia moja ya mabwawa ya umeme ya Afrika ikifunikwa, uwezo wa vituo hivyo unaongezeka maradufu.

Kuna sehemu moja ya mahubiri haya ambayo mimi huiruka, nayo ni maji yanayookolewa yasikauke. Kwenye bwawa la maua ni mengi. Masinga, ile kilomita moja na ushei iliyofunikwa ingeokoa, hata kwa ukarimu, mita za ujazo milioni mbili au tatu kwa mwaka, katika bwawa linalobeba zaidi ya bilioni moja na nusu. Ni tone. Faida ya kweli ni maji yanayobanwa mchana yakangoja jioni, na katika mwaka wa ukame faida hiyo ni kubwa: 2009, mwaka uleule Naivasha iliponywea, Masinga ilipungua hadi mitambo yake ikazimwa. Jua siku hizo lilikuwa bure na la kumwagika.

Na bwawa la Tana nalo hupanda na kushuka, tena zaidi ya Naivasha. Masinga likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa, linaanza kumwaga. Huo ndio mwisho. Wahandisi waliuchora kabla ya tone la kwanza kuingia. Chini napo kuna mstari ambapo mitambo huzimwa. Mtu wa nanga akipewa namba mbili, ya juu na ya chini, anakata waya wake na kwenda nyumbani kulala.

Nilirudi Naivasha baada ya mvua, na mwenye mashua mmoja akanipitisha Kihoto. Tulipita kati ya nguzo za stima, waya zikiwa karibu na vichwa kuliko nilivyopenda. Kuta zilikuwa na mistari ya matope, mmoja juu ya mwingine, na maji yalikuwa yameukaribia wa juu kabisa. Juu ya bati la nyumba moja isiyo na watu paneli ndogo ya sola ilikuwa bado imetazama juu, waya wake umeingia dirishani na kupotelea majini. Mwenye mashua alisimamisha kasia.

“Hapa ndipo nilikuwa naegesha bodaboda,” alisema. “Pale duka, pale kinyozi.”

Nilimweleza juu ya maboya na nanga, kwa kifupi, naye alisikiliza kwa adabu ya mtu aliyezoea wageni wenye mipango. Mwishowe nikamwuliza: angekuwa yeye ndiye wa kufunga, angeacha kamba ya mita ngapi?

Akauchovya mti wake wa kusukumia hadi ukagota kwenye iliyokuwa barabara, akautoa, akaangalia alama ya unyevu juu ya mkono wake.

“Mkubwa,” alisema, “unauliza ya mwaka gani?”